Kibao kinachowafunza watelezaji wa barafuni kuzunguka kama pia sebuleni

KABLA ya basi la shule kuwasili, msichana husogeza viti vya mezani kando, akafagia sakafu ya jikoni, kisha akaweka chini kipande cha plastiki chenye umbo la wayo. Hupanda juu yake kwa mguu mmoja, akajisukuma kwa mguu wa pili, na kufumba na kufumbua huwa anazunguka kama pia iliyofyatuliwa na mtoto uani.

Si tukio geni katika nyumba nyingi za Kanada, Marekani, Japani, Urusi na nchi za Ulaya ambako mchezo wa kuteleza kwa madaha juu ya barafu umetia mizizi. Kifaa chenyewe hujulikana miongoni mwa wachezaji kwa jina la spina, na shabaha yake ni moja tu: kumwezesha mchezaji kufanya mazoezi ya kuzunguka akiwa mahali pasipo na barafu hata chembe.

Wazazi wanaokinunua kibao hicho, na makocha wanaoulizwa kukihusu, hukabiliwa na maswali mawili. Je, sakafu kavu inaweza kumfunza mtu ufundi wa barafuni? Na je, faida yake inatosha kumhatarisha mtoto kugonga kichwa kwenye vigae?

Jibu la swali la kwanza si la mkato. Spina hufunza baadhi ya mambo vizuri sana, hufunza mengine nusunusu, na kuna jambo moja ambalo haifunzi kabisa. Kwa bahati mbaya, hilo moja ndilo gumu kuliko yote.

Sababu ya kifaa hiki kupendwa haina utata. Barafu ni ghali. Uwanja wa ndani huhitaji mitambo ya kupoza inayofanya kazi usiku na mchana ili barafu isalie kwenye nyuzi tatu au nne chini ya sufuri, kiwango ambacho watelezaji wa madaha hukipendelea kwa kuwa barafu huwa laini kidogo na hushika makali ya kiatu. Wenzao wa mpira wa magongo hupenda barafu iliyo baridi na ngumu zaidi. Uwanja mmoja hugombewa na makundi hayo mawili pamoja na umma unaokuja kujiburudisha, na mara nyingi mtelezaji wa madaha ndiye huachiwa saa za alfajiri.

Janga la Covid-19 lilizidisha hali hiyo. Mnamo Machi 2020, mashindano ya ubingwa wa dunia yaliyokuwa yamepangwa kufanyika Montréal, Kanada, yalifutiliwa mbali, na viwanja vya barafu vikafungwa katika nchi nyingi. Wachezaji wa kila kiwango walijikuta wakifanya mazoezi sebuleni, kwenye baraza na kwenye maegesho ya magari.

Spina ziko za aina mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo maarufu zaidi, ni kibao cha plastiki kigumu ambacho upande wake wa chini umebinuka mithili ya sehemu ya chini ya mashua. Kampuni ya Edea ya Italia, inayotengeneza viatu vya mchezo huo, ni miongoni mwa zinazouza kibao cha namna hii. Aina ya pili ni ya sahani mbili bapa zilizolaliana, katikati yake mkiwa na gololi za chuma; sahani ya chini hutulia sakafuni na ya juu huzunguka pamoja na mchezaji.

Tofauti baina ya aina hizo mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na wanunuzi wengi. Ile ya gololi husamehe makosa, kwa maana kwamba mtu anaweza kuegemea kisigino au kuinama upande mmoja na bado akaendelea kuzunguka. Kibao kilichobinuka hakina huruma hiyo. Uzani ukihama kidogo tu kutoka mahali panapostahili, kibao huinama, hukwaruza sakafu na kusimama. Kwa mwanafunzi anayetaka kujifunza, ukali huo ndio thamani yake.

Kinachokifanya kibao kizunguke kinaeleweka kwa urahisi na yeyote aliyewahi kucheza pia utotoni. Pia huchongwa kwa mti na kutiwa msumari kwenye ncha yake. Mti ungegusa ardhi kwa upana wake wote, usingezunguka hata mara mbili. Msumari hupunguza eneo la mguso likawa kama kitone, na ingawa msuguano haujaondoka, unatendeka karibu sana na mhimili wa mzunguko kiasi kwamba hauna nguvu ya kuuzuia. Kibao cha spina hufanya vivyo hivyo. Sehemu yake inayogusa sakafu hailingani na upana wa wayo. Hukaribia ule wa sarafu. Ndiyo maana hakifai juu ya zulia, kwa kuwa manyoya ya zulia hukizunguka na kukumbatia upana wake wote.

Kiatu cha barafuni kimejengwa kwa mantiki iyo hiyo. Ubapa wa chuma ulio chini yake una unene wa takriban milimita nne tu, na umepindwa kutoka mbele hadi nyuma kama mguu wa kiti cha kubembea. Mbele kabisa kuna meno yanayotumiwa katika kuruka. Nyuma kidogo ya meno hayo, chini ya sehemu nene ya wayo inayofuatia vidole, ndipo palipo na kitone ambacho mtelezaji husimamia anapozunguka. Akiegemea nyuma ya hapo, huanza kusafiri uwanjani badala ya kuzunguka mahali pamoja. Akiegemea mbele mno, meno huchimba barafu na kumkatiza.

Spina basi humfunza mchezaji kukitafuta kitone hicho. Asiyekifahamu hukitafuta kwa macho, akainama kutazama miguu yake, na papo hapo huanguka. Anayekifahamu hukihisi kwa wayo.

Sheria ya kisayansi inayotawala mzunguko ni ile ya kudumu kwa momenta ya mzunguko, na wanafunzi wa shule za upili husomeshwa kwa mfano huu huu wa mtelezaji. Mtu anayezunguka akiwa amenyosha mikono huzunguka polepole, kwa sababu sehemu ya uzani wake iko mbali na mhimili. Akiikunja mikono kifuani, uzani hukaribia mhimili, na kwa kuwa hapana nguvu ya maana kutoka nje inayomzuia, kasi lazima iongezeke ili hesabu isawazike. Ugumu wa mwili kuzungushwa ukipungua hadi theluthi moja, kasi huongezeka mara tatu.

Jambo ambalo husahaulika darasani ni kwamba kuikunja mikono hiyo ni kazi. Kadiri kasi inavyopanda ndivyo mikono inavyovutwa nje, na mtelezaji hulazimika kushindana nayo kwa misuli ya kifua na mabega. Mwanafunzi anayedhani kwamba atajikunja tu kama mtu aliyehisi baridi hushangaa kuona viwiko vyake vikipeperuka.

Kasi inayofikiwa na mabingwa ni ya kustaajabisha. Mnamo Januari 2015, jijini Warsaw, Poland, msichana wa Kanada Olivia Oliver aliandikishwa katika rekodi za Guinness kwa kuzunguka kwa kasi ya mizunguko 342 kwa dakika, yaani kati ya mitano na sita kila sekunde. Kabla yake, Mrusi Natalia Kanounnikova alikuwa ameweka rekodi ya 308 mnamo 2006. Kwa upande wa ustahimilivu, Lucinda Ruh wa Uswisi alizunguka mara 115 mfululizo kwa mguu mmoja jijini New York mnamo Aprili 2003.

Kwa kulinganisha, anayeanza na kibao jikoni hufurahi akipata mizunguko mitatu kamili.

Historia ya mizunguko hii ni ya watu waliothubutu kufanya jambo lililoonekana kuwa halina adabu. Mmarekani Jackson Haines, aliyekuwa na usuli wa densi, alihamia Ulaya katika miaka ya 1860 baada ya mtindo wake wa kuteleza kwa muziki kukataliwa kwao, na jijini Vienna akapokewa kwa shangwe. Mzunguko wa kuchuchumaa kwa mguu mmoja, huku mguu wa pili ukiwa umenyoshwa mbele, ni wake. Alifariki Finland mnamo 1875.

Mwingereza Cecilia Colledge, mshindi wa nishani ya fedha katika Olimpiki ya 1936 na bingwa wa dunia mwaka uliofuata, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mzunguko ambapo kiwiliwili na mguu mmoja hulala mlalo kama meza, na vilevile ule wa kupinda mgongo kuelekea nyuma. Naye Denise Biellmann wa Uswisi, bingwa wa dunia wa 1981, aliacha jina lake kwenye mzunguko ambapo mchezaji huvuta ubapa wa kiatu kutoka nyuma hadi juu ya kichwa. Wapo waliofanya hivyo kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeufanya ukajulikana, na jina likamganda.

Ni vyema kusema mapema kwamba spina haikukusudiwa mikao hiyo ya kifahari. Anayejaribu kuvuta mguu juu ya kichwa akiwa amesimama kwenye plastiki juu ya sakafu ya saruji anacheza na shingo yake.

Namna ya kuanza

Makocha wengi hutaka mwanafunzi asipande kibao kabla ya kuweza kusimama kwa mguu mmoja, kisigino kikiwa kimeinuliwa kidogo, kwa sekunde kumi bila kutapatapa. Asiyeweza hilo kwenye sakafu tulivu hataliweza akizunguka.

Sakafu iwe ngumu na laini: mbao, vigae au saruji iliyopigwa rangi. Ifagiwe vizuri, kwa maana chembe moja ya mchanga yatosha kukisimamisha kibao ghafla ilhali mwili ungali unaendelea. Nafasi iwe pana kuliko mikono miwili iliyonyoshwa, pasiwe na pembe ya meza wala ukingo wa jiko karibu. Viatu viwe vya mazoezi, vyenye kubana vizuri na nyayo nyembamba. Soksi hazifai kabisa, kwa kuwa mguu huteleza juu ya kibao. Viatu vyenyewe vya barafuni havivaliwi juu ya spina.

Watelezaji wengi huzunguka kinyume cha saa, na kwao mzunguko wa kawaida hufanywa kwa mguu wa kushoto. Mguu huo huwekwa kibaoni, sehemu nene ya wayo ikiwa katikati ya mbinuko, goti likiwa limekunjwa kidogo. Mguu wa kulia hubaki sakafuni. Mkono wa kushoto hutangulia mbele, wa kulia hubaki nyuma ya ubavu.

Kisha mguu wa kulia husukuma, goti la kushoto hunyoka, na kiwiliwili chote hugeuka kwa pamoja. Neno "pamoja" ndilo kiini cha mambo. Mwanafunzi hushawishika kutupa mabega kwanza, halafu nyonga zifuate, na mwisho miguu. Matokeo yake ni mwili uliosokotwa kama kamba, na kamba iliyosokotwa hutaka kujisokotoa. Bega, nyonga na kitone cha wayo vinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja wima kama nguzo ya nyumba.

Siku za kwanza ni za nusu mzunguko tu. Halafu mmoja, halafu miwili. Mikono huletwa kifuani baada ya mwili kutulia kwenye mhimili wake, si kabla. Anayeikunja mapema hukuza kosa lake pamoja na kasi yake, kwa sababu sheria ya sayansi haibagui mzunguko mzuri na mbaya.

Mzunguko wa pili, unaofanywa kwa mguu wa kulia huku wa kushoto ukiwa umepishanishwa mbele kwenye kifundo, ndio unaofanya baadhi ya makocha wakipende kibao hiki licha ya dosari zake. Mkao huo ndio ule ule ambao mtelezaji huutumia akiwa hewani baada ya kuruka. Msichana anayetaka kuruka na kuzunguka mara mbili kabla ya kutua huwa kwa hakika anafanya mzunguko huo hewani, kwa muda usiozidi sekunde moja. Barafuni hana nafasi ya kufikiri. Juu ya spina anaweza kuurudia mara ishirini, akajirekodi kwa kamera ya simu, na kuona ni wapi nyonga yake ya kushoto inapodondoka.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Nusu saa mfululizo huchosha kifundo cha mguu, na kifundo kilichochoka ndicho kinachoteguka.

Lile ambalo kibao hakifunzi

Barafuni, mzunguko hauanzi kwa kujisukuma ukiwa umesimama. Mtelezaji huja kwa mwendo, akiegemea makali ya ndani au ya nje ya ubapa, akichora upinde unaozidi kukaza. Upinde huo ndio unaogeuza mwendo wa kwenda mbele kuwa mwendo wa kuzunguka, na ufikapo ukomo wake, mwili hujikuta umeshikwa kwenye kitone kimoja. Anayetazama barafu baada ya mzunguko mzuri huona viduara vidogo vilivyolaliana kama pete. Ukiwa mbaya, huona mstari wa viduara unaotambaa kama chemchemi ya waya iliyovutwa.

Spina haina makali. Haina upinde, haina mwendo, wala haina pete za kusoma. Inamfunza mwanafunzi jinsi ya kukaa ndani ya mzunguko pasipo kumfunza jinsi ya kuingia. Ilhali kila aliyefunza mchezo huu anajua kwamba mizunguko mingi huharibikia mlangoni.

Fauka ya hayo, kwa kuwa nguvu yote juu ya kibao hutoka kwenye msukumo wa mguu na mikono, baadhi ya wanafunzi hurudi barafuni na tabia ya kutupa mabega ili wazunguke. Tabia hiyo huchukua muda mrefu kuondolewa. Ndiyo sababu kuna makocha ambao huwakataza kabisa wanaoanza kukitumia kibao, wakisema heri msingi ujengwe kwanza barafuni, hata kama ni saa moja kwa juma, kisha kibao kije kuukandika.

Msimamo huo unaweza kuonekana mkali, lakini hoja yake ni nzito. Kibao humfaa zaidi yule ambaye tayari anazunguka barafuni na anataka kunyosha mkao wake, kuliko yule anayedhani ataanza nacho na kuhamishia kila kitu uwanjani.

Kuna pia suala la kisunzi. Ndani ya sikio mna mirija mitatu iliyopinda, iliyojaa majimaji. Mwili ukianza kuzunguka, majimaji hubaki nyuma kwa kitambo, na vinyweleo vya fahamu huupasha ubongo habari ya mwendo. Mzunguko ukidumu, majimaji hushika kasi ya mwili na habari hukoma. Mwili ukisimama, majimaji huendelea kwenda, na ubongo huambiwa kwamba mtu anazunguka upande wa pili. Macho huanza kuchezacheza, na chumba chote huonekana kugeuka.

Wacheza densi ya baleti hukwepa hali hiyo kwa kukaza macho mahali pamoja na kugeuza kichwa kwa ghafla kila mzunguko. Mtelezaji hawezi kufanya hivyo, kwani kasi yake ni kubwa mno na kichwa kinachogeuka peke yake kingemtoa kwenye mhimili. Yeye huyaacha macho yatazame mbele bila kukaza chochote, na anapotoka huyatuliza kwenye kitu kimoja kisichosonga. Kwa kurudiarudia, ubongo huzoea kuipuuza habari ya uongo kutoka sikioni.

Hapo spina husaidia, mradi mwanafunzi apumzike kila baada ya majaribio machache na asishuke kibaoni mpaka chumba kiwe kimetulia. Maanguko mengi ya nyumbani hayatokei mtu akiwa anazunguka. Hutokea anapokanyaga chini mapema.

Na kuna hatari zisizoisha na kisunzi. Lucinda Ruh, huyo huyo wa mizunguko 115, alieleza katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka 2011 jinsi alivyougua kwa muda mrefu, na jinsi alivyoambiwa kwamba mizunguko yake ya miaka mingi ilikuwa imeusababishia ubongo wake mitikisiko midogo midogo. Hesabu inaonyesha ni kwa nini jambo hilo si la kupuuzwa. Kichwa kilichoinama umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye mhimili, mwili ukizunguka mara mbili kwa sekunde, huvutwa nje kwa nguvu inayokaribia mara tano ya uzani wake. Katika mzunguko wa kusimama wima, kichwa kiko juu ya mhimili wenyewe na mvuto huo haupo kwa kiasi hicho. Hatari iko katika mikao ya kuinama na ya kupinda mgongo, tena kwa anayeirudia mamia ya mara kila juma.

Mtoto anayezunguka wima mara tatu jikoni hayuko katika hatari ya namna hiyo. Hatari yake ni sakafu. Barafu ni ngumu, lakini anayeanguka barafuni huteleza na nguvu ya maanguko hutawanyika. Vigae havitelezi. Mzazi anayemnunulia mwanawe kibao na kumwacha peke yake nyuma ya mlango uliofungwa amenunua nusu ya kifaa. Nusu ya pili ni mtu mzima aliyesimama karibu. Mtoto akigonga kichwa na baadaye akalalamika kuumwa, akatapika au akaonekana kuchanganyikiwa, mazoezi hukoma na hospitali ndiyo inayofuata.

Mtu anaweza kuuliza iwapo jasho lote hili linalipa. Katika jedwali la pointi la Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza Barafuni la msimu wa 2022/23, mzunguko mgumu kabisa wa kuunganisha mikao na kubadilisha mguu ulianzia pointi 3.5, ilhali mruko wa mizunguko minne uitwao Lutz ulianzia 11.5. Ni katika msimu huo, Septemba 2022, ambapo Mmarekani Ilia Malinin alikuwa wa kwanza kutua mruko aina ya Axel wa mizunguko minne na nusu katika mashindano. Dunia nzima ilizungumza juu ya mruko. Ni wachache waliokumbuka mizunguko yake ya chini.

Hata hivyo, mchezaji mmoja mmoja alitakiwa kufanya mizunguko mitatu katika kila mojawapo ya maonyesho yake mawili msimu huo, na pointi hizo sita za mafungu madogomadogo hazitegemei bahati kama miruko. Anayezunguka vizuri leo atazunguka vizuri kesho. Isitoshe, watazamaji wasiojua tofauti ya mruko mmoja na mwingine hutambua mzunguko mzuri mara moja, kama walivyomtambua Stéphane Lambiel wa Uswisi, bingwa wa dunia wa 2005 na 2006, ambaye mizunguko yake ilikuwa ikiwainua watu vitini.

Kwa Wakenya, mchezo huu hauko mbali kama inavyodhaniwa. Uwanja wa barafu ulifunguliwa mnamo 2005 ndani ya hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa, Nairobi, na ni humo ambamo timu ya mpira wa magongo ya Ice Lions ilizaliwa kabla ya kualikwa Kanada mnamo 2018, ambako ilicheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Uwanja huo ni mdogo ukilinganishwa na ule wa Olimpiki, ambao una urefu wa mita 60 na upana wa mita 30, lakini mzunguko ndio ujuzi wa pekee katika mchezo huu usiodai nafasi kubwa.

Na wapo wengi zaidi wanaoteleza kwa viatu vya magurudumu kwenye maegesho ya magari na viwanja vya saruji jijini humo siku za mapumziko. Wao pia wana mizunguko yao. Wale wenye viatu ambavyo magurudumu yamepangwa mstari mmoja huzunguka wakiwa wameegemea sehemu ya mbele, na kuna viatu maalumu vya namna hiyo vilivyowekewa kipande cha mpira mbele, mahali ambapo ubapa wa barafuni una meno. Watelezaji wa barafu huvitumia viatu hivyo pindi wakosapo uwanja, na tofauti na spina, hivyo humruhusu mtu kuja kwa mwendo na kuchora upinde kabla ya kuzunguka.

Kocha anayemfahamu mwanafunzi wake mara nyingine hukiomba kibao chenyewe, akakigeuza na kukitazama chini. Plastiki hukwaruzika kila inapogusa sakafu, na mikwaruzo haidanganyi. Ikiwa imekusanyika kwenye duara dogo kuelekea mbele, mwanafunzi amekipata kitone chake. Ikiwa imetapakaa hadi kisigino, amekuwa akikaa badala ya kusimama. Ikiwa iko upande mmoja tu, kifundo chake kinalala, na kwa mwanafunzi huyo kibao huwekwa kabatini kwa majuma machache, akapewa kamba ya kuruka.